Walimwona akiyumba wakasema amelewa, kumbe sukari imemshuka

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa na mkaazi wa Malindi, na barua hii naiandika kwa idhini ya mama yangu ingawa baba mwenyewe hana habari nayo. Baba ana miaka 58 na amekuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka 11. Hapo awali alikuwa akimeza vidonge tu, lakini miaka miwili iliyopita daktari alimwanzishia insulini ile ya mchanganyiko, ambayo hujidunga asubuhi na jioni. Kazi yake ni kupokea samaki wanaposhushwa kutoka mashuani, kuwapanga katika masanduku ya barafu na kuwapeleka Mombasa kwa pikapu ya tajiri mmoja ambaye amemfanyia kazi kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita alirudi kutoka sala ya alfajiri, akajidunga sindano yake kama desturi yapata saa kumi na mbili, na mama alikuwa bado yuko jikoni akikaanga mahamri simu ilipolia kwamba mashua zimeingia. Baba akavaa viatu akatoka, akisema chai ataikuta huko huko. Kwa maelezo ya vijana aliokuwa nao, mashua moja ilichelewa, samaki walikuwa wengi kuliko walivyotarajia, na yeye mwenyewe alibeba masanduku pamoja nao mpaka jua likawa kali. Kisha akashika njia upesi kwa kuwa barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Chai hakuinywa.

Ilipokaribia saa nne, akiwa ameshapita Gede, pikapu ilianza kwenda upande huu na upande huu, ikaingia kwenye mchanga kando ya barabara na kusimama. Alhamdulillahi hakumgonga mtu. Watu walikusanyika, na aliposhuka alikuwa akiyumba, ulimi umekuwa mzito, na kijana aliyetaka kumshika mkono alimsukuma na kumtukana matusi ambayo sisi watoto wake hatujawahi kuyasikia kinywani mwake. Mtu mmoja akasema kwamba mzee huyu ananuka mnazi. Askari walipofika na kumtaka leseni, aliwapa kitambaa chake cha kufutia jasho. Wakacheka, wakampakia, wakaenda kumfungia. Hakuna aliyempima pumzi wala aliyemuuliza kama anaumwa.

Alikaa ndani kwa muda wa saa mbili. Aliyemwokoa ni askari mwanamke wa zamu iliyofuata, ambaye mama yake mzazi ana sukari. Aliona shati la baba limelowa chepechepe ilhali amekaa kivulini, akamgusa shingo akaikuta baridi, akaenda kununua soda na kumnywesha kidogo kidogo. Baba anasema alizinduka akiona chupa ya soda mkononi mwake na asijue yuko wapi wala amefikaje. Alipopelekwa zahanati, baada ya kuinywa ile soda yote, sukari yake ilisoma 3.4. Aliachiliwa bila mashtaka.

Bi, yaliyobaki ndiyo yanayotuua. Kuna mtu alirekodi video pale barabarani, na imezunguka kwenye simu za Malindi nzima: mzee mwenye kofia, wa safu ya kwanza msikitini, anayumba na kutukana. Baba hajapata kuonja kileo maishani mwake. Sasa msikitini haendi ila sala ya isha, tena anasimama nyuma karibu na mlango. Na ameamua kwamba siku za safari hatajidunga sindano mpaka arudi nyumbani usiku, kwa sababu anasema sukari ikipanda haimwaibishi mtu, inayoaibisha ni ile inayoshuka. Ametukataza tusimwambie tajiri wake kwamba ana sukari, akihofia atanyang'anywa gari. Kaka yangu anataka tumfiche ufunguo. Mama analia tu.

Je, aendelee kuendesha gari? Je, ni kweli kwamba alikuwa akinuka? Na wale waliomfungia badala ya kumpeleka hospitali, tuwaache hivi hivi?

Binti wa dereva, Malindi


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, pole mama, na nampa pole zaidi mzee, kwa kuwa mtu aliyejihifadhi miaka 58 kisha akaitwa mlevi mbele ya mji amejeruhiwa mahali ambapo hapafungwi bendeji.

Nitaanza na jambo ambalo haliwezi kungoja hata kesho, nalo ni hii azma yake ya kuacha sindano siku za safari. Mzuieni leo. Insulini inapokosekana, sukari hupanda katika damu, figo huanza kuimwaga pamoja na maji ya mwili, na mgonjwa hushikwa na kiu isiyokatika, hukojoa kila mara, na macho huingia ukungu. Huyo tayari ni dereva asiyeiona barabara sawasawa. Upungufu ukizidi, mwili hushindwa kuitumia sukari na kuanza kuyeyusha mafuta yake, na mafuta hayo huacha katika damu vitu viitwavyo ketoni, ambavyo huitia damu tindikali, na kimojawapo, asetoni, hutoka kwa pumzi ikiwa na harufu tamu kama ya tunda lililoiva mno, au ya ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mgonjwa wa hali hiyo hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyekimbia, mwishowe huanza kusinzia na kuropoka, na asipofika hospitali hufa. Ni kweli kwamba hali hii huwapata zaidi wale waliougua sukari tangu utotoni, lakini mtu wa aina ya baba yako naye anaweza kuangukia humo akiacha insulini, hasa akiwa na homa au kidonda kilichoingia usaha.

Kwa hiyo mwambie mzee, kwa upole lakini bila kumficha, kwamba anakimbia aibu moja na kuifuata nyingine palepale ilipo. Sukari iliyopanda kupita kiasi ndiyo inayompa mgonjwa harufu ambayo pua isiyojua huiita mnazi au tembo lililolala. Sukari iliyoshuka haina harufu yoyote. Ndiyo maana swali lako la pili nalijibu hivi: kwa unavyonieleza, sioni sababu ya kuamini kwamba baba yako alinuka siku ile. Watu walimwona akiyumba, wakasadiki amelewa, kisha mmoja akaisikia harufu aliyokwisha kuitarajia, na wengine wakaipokea kutoka kwake.

Sasa nikueleze kilichompata, kwa sababu nina hakika kwamba hata yeye hakijui chote, na anajilaumu kwa matusi ambayo hakuyatamka kwa hiari yake. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayoanza kazi ndani ya nusu saa, na nyingine inayokwenda polepole, na nguvu za pamoja huwa kubwa kuanzia saa ya pili mpaka kama saa ya nane tangu kudungwa. Alijidunga saa kumi na mbili, na saa nne kasoro gari likaanza kuyumba: huo ni wakati ambao dawa imeshika hasa. Tumboni hakukuwa na kitu. Juu ya hayo alibeba masanduku, na misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu kwa wingi, tena mwili uliopata joto huifyonza insulini upesi zaidi kutoka pale ilipodungwa. Mambo yote matatu yalikutana asubuhi moja.

Ubongo ndio unaoumia kwanza. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu kwa 100 ya mwili, lakini hula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zote tunazotumia, na hauna ghala la kuweka akiba ya sukari. Sukari ikishuka chini ya 4 (namba zote hapa ni milimoli kwa lita ya damu), mwili hupiga kelele kwanza: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Ikikaribia 3 na kupita chini yake, hapo ubongo wenyewe huanza kufunga milango: maneno hukwama, miguu haitii, mtu huwa mkali bila sababu, hucheka au hulia, humkabidhi askari kitambaa akidhani ni leseni. Baadaye hakumbuki. Na wagonjwa waliokaa na sukari miaka mingi, hasa ambao imewashuka mara kwa mara, wengi hupoteza zile kelele za mwanzo, wakaingia moja kwa moja katika kuchanganyikiwa bila kuhisi kutetemeka. Zipo pia dawa za presha ambazo hulituliza pigo la moyo na kuuficha mtetemeko, zikabakisha jasho peke yake. Kama baba yako anameza dawa za presha, zichukueni zote pamoja na vidonge vyake vya sukari mwende nazo kliniki, zikaangaliwe.

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Pwani kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo nimewapokea watu waliofungwa kamba kwa kuwa walisemekana ni walevi wakorofi, na wengine walioletwa baada ya kusomewa usiku kucha kwa kuwa ilisemekana wamepandwa na pepo. Namkumbuka mmoja, mpagazi, ambaye waliomleta walitutahadharisha tusimkaribie kwa kuwa anauma. Tulimtoboa kidole, mashine ikasoma chini ya 2, tukamtia maji ya glukosi mshipani, na kabla chupa haijafika nusu alikuwa akituuliza kwa adabu kofia yake iko wapi. Sina neno na kisomo, nami nimesomewa mara nyingi na nikapata utulivu. Nasema tu kwamba kidole kitobolewe kwanza, dua ifuate.

Watu huniuliza kama ipo namna ya kumtambua kwa macho huyu ni mlevi na huyu ni mgonjwa. Jasho baridi, ngozi iliyopauka, mtetemeko, na mabadiliko yaliyokuja ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima saa moja iliyopita ni dalili zinazoelekeza kwenye sukari. Lakini nitasema ukweli: hata mimi, kwa macho peke yake, sithubutu kuapa. Hata harufu ya pombe ikiwepo kweli haimalizi shauri, maana pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya, na mgonjwa wa insulini aliyekunywa bila kula anaweza kuwa amelewa na sukari imemshuka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jambo la kufanya si kubashiri. Mtu anayeyumba na anaweza kumeza, akipewa kitu kitamu na kumbe amelewa tu, soda ile haikumdhuru. Akinyimwa na kumbe sukari imeshuka, anaweza kupata kifafa, kuzirai, na kufa ukutani pa korokoro huku wenzake wakidhani amelala usingizi wa pombe. Kosa la kwanza halina gharama. La pili halina marekebisho. Na pale ambapo kifaa cha kupima pumzi kipo, kikasoma sifuri na mtu bado anayumba, basi huyo si mlevi wa pombe tena: huenda ana sukari, au kiharusi, au ameumia kichwa, au ametoka katika kifafa, na kila moja katika hayo linataka hospitali.

Hapa ndipo ninapogawanya lawama, na naomba usinikasirikie. Askari walikuwa na haki ya kulisimamisha gari na kumwondoa mzee kwenye usukani, na lau mimi ningekuwa na mjukuu anayetembea kando ya barabara ile kwenda shule, ningewashukuru. Kosa lao ni kumfungia mtu aliyelowa jasho na asiyejitambua pasipo kumpima wala kumuuliza. Na baba yako naye, pamoja na heshima yangu yote kwake, alidunga sindano kisha akaondoka bila kula, akaliingiza gari zito katika barabara ya watu. Hilo si dhambi ya ulevi, lakini ni jukumu lake, na angalau alijue.

Je, aendelee kuendesha? Kwa sasa, hapana. Asiuguse usukani mpaka aonane na daktari wake, amweleze tukio zima kama ulivyonieleza mimi, na dozi yake itazamwe upya. Mtu ambaye sukari ilimshuka mpaka akahitaji mwingine amnyweshe amepata onyo kubwa, na lingine linaweza kuwa njiani. Baada ya hapo, daktari akiridhika, sioni kwa nini mtu mwenye sukari asiendeshe gari. Wako wengi duniani wanaoendesha kwa usalama kwa sababu wana utaratibu. Huko Uingereza madereva wa insulini huelekezwa wapime sukari si zaidi ya saa mbili kabla ya kuondoka, na wapime tena kila baada ya saa mbili za safari. Ikiwa chini ya 5 wale kitu kwanza, ikiwa chini ya 4 wasiendeshe kabisa, na sukari iliyoshuka ikishapanda tena juu ya 5 wangoje dakika 45 kabla ya kushika usukani, kwa kuwa ubongo hukawia kurudi ingawa namba kwenye mashine imekwisha kurudi. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na kwa malori na vizuizi vilivyo njiani safari huvuka saa mbili kwa urahisi. Basi apime kabla ya kuondoka, apime Kilifi, apime kabla ya kugeuza kurudi. Vijiti vya kupimia vina gharama, najua, lakini tajiri anayenunua barafu kila siku anaweza kununua na hivyo.

Utaratibu wenyewe uanzie jikoni kwa mama. Sindano isidungwe mpaka chakula kiwe kimeiva na kiko tayari kuletwa mkekani, na simu ikilia kwamba mashua zimeingia, mashua zingoje. Mahamri mawili na mbaazi kabla ya kutoka ni sehemu ya dawa kama ilivyo sindano. Kwenye mlango wa gari, mahali ambapo mkono hufika bila kutafuta, kuwe daima na glukosi ya unga au soda yenye sukari ya kweli. Zile soda zisizo na sukari hazifai kitu wakati huo. Halua na chokoleti pia si za dharura, maana samli na mafuta huichelewesha sukari kufika kwenye damu. Wala asitafune muguka njiani kama wafanyavyo madereva wengine, kwa kuwa huua hamu ya chakula na mtu hafahamu kwamba ameruka mlo. Kadhalika nimewajua wachuuzi wa samaki wanaoitia chupa ya insulini ndani ya sanduku la barafu wakidhani wanaihifadhi. Insulini ikiganda imeharibika, na ikiachwa juu ya dashibodi juani nayo imeharibika. Kwa siku moja ya safari, aifunge kwa kitambaa na kuiweka katika mfuko wake, mbali na jua na mbali na barafu.

Lakini yote hayo, mwanangu, yanategemea jambo moja ambalo baba yako halitaki, nalo ni kwamba watu wajue. Angalia lilivyo: akili inayotakiwa iseme “sukari yangu inashuka, niegeshe gari” ndiyo hiyo hiyo iliyonyimwa chakula. Mgonjwa hawezi kuwa mlinzi wake mwenyewe katika dakika zile, hata awe na busara ya namna gani. Lazima awepo mwingine anayejua. Kama kuna kijana anayekaa naye kwenye gari, lazima ajue, afundishwe kumtazama jasho na maneno yake, apewe ruhusa kamili ya kusema “mzee, egesha” na baba yako aahidi mapema, akiwa mzima, kwamba atatii bila ubishi. Kama huenda peke yake, basi asiende peke yake. Siku ile, mwanamke mmoja tu aliyekuwa na mama mgonjwa ndiye aliyejua, na ilikuwa bahati. Tusimjengee baba yako maisha juu ya bahati ya pili.

Ndiyo maana naona tajiri aambiwe, na aambiwe na baba yako mwenyewe. Video ameshaiona, hilo msilidanganyikie. Kwa sasa anafikiri amemkabidhi pikapu yake mlevi; akisikia kwamba ni mgonjwa wa sukari aliyeruka chai ili samaki wake wasiharibike, mazungumzo yatakuwa mengine. Sina hakika kwamba atamwachia gari. Huenda akampa kazi ya kupima na kupokea samaki pwani na kumtafuta kijana wa kuendesha, na mzee ataumia kwa hilo kwa muda. Kaka yako asifiche ufunguo. Mzee akinyang'anywa kwa hila atatafuta gari jingine na ataficha sindano vizuri zaidi. Akae naye, wapange pamoja nani ataendesha wiki hizi mbili tatu za kungoja kliniki.

Ninyi wa nyumbani nanyi mjifunze kipimo. Sukari ikiwa chini ya 4, au mkiona dalili na hamna mashine, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Ngojeni dakika 15, mpimeni tena, na kama haijapanda rudieni. Ikipanda, ale chakula cha kukaa tumboni, mkate au muhogo au wali, la sivyo itashuka upya. Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote kinywani, wala asali, wala maji ya zamzam, kwa maana kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali, ambako atadungwa glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, kama ipo au kutiwa glukosi mshipani. Na ikiwa bado anameza vidonge vya glibenklamidi pamoja na sindano, asiruhusiwe kurudi nyumbani upesi hata akizinduka na kucheka, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na huishusha sukari mara ya pili baada ya saa kadhaa. Tena Ramadhani ikikaribia aende kliniki wiki kadhaa mapema, kwa kuwa dozi ya anayefunga haiwi ile ya anayekula, na daktari akimkataza kufunga asione ni unyonge: ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Kuhusu waliomfungia, mimi si wakili, lakini yaliyo wazi nitayasema. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamkataza mtu kuendesha gari akiwa amezidiwa na kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu, na baba yako hakuwa amekunywa kileo. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa upesi sababu ya kukamatwa kwake na kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Andikeni barua kwa mkuu wa kituo, mkieleza tarehe, saa, na namba iliyosomwa zahanati, na mwambatishe nakala ya karatasi ya zahanati. Msipojibiwa, ipo Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo hupokea malalamiko ya raia bila malipo. Ningekuwa mimi, katika barua hiyo ningeomba mambo mawili: kituo kiwe na mashine ya kupimia sukari, ambayo hutoa jibu kwa tone la damu na sekunde chache, na yule askari mwanamke awaeleze wenzake alichokiona. Na mwende mkamshukuru yeye mwenyewe, kwa mkono wa baba yako kama atakubali.

Video haitarudi. Mnaweza kuwaomba wanaoisambaza waiache, na baadhi watasikia. Lakini dawa ya neno lililosemwa barabarani ni neno jingine litakalosemwa mahali pa heshima, na hapo namwachia mzee achague. Kama ana imamu anayemwamini, amwendee, amwonyeshe karatasi ya zahanati, wazungumze wawili. Katika safu zile za msikitini wamo wengine wenye sukari wanaoficha kama yeye, na pengine wapo wanaoendesha tuktuk na bodaboda huku wamejidunga na hawajala. Akiamua kusimama siku moja na kuwaeleza yaliyompata, atawafaa watu. Asipotaka, asilazimishwe na mtu.

Jioni ya leo, wewe mwenye hati nzuri, mwandikie kadi ndogo, uifunike kwa plastiki, uitie pamoja na leseni yake, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza askari hutaka kukiona. Nyingine aivae shingoni au mkononi, maana siku ile leseni alishindwa kuitoa. Andika hivi: “Nina ugonjwa wa kisukari na natumia insulini. Ukiniona nayumba au nimechanganyikiwa, sijalewa. Nikiweza kumeza, nipe soda yenye sukari. Nisipoweza, usinitie kitu kinywani, nipeleke hospitali haraka.” Chini yake weka namba ya simu yako na ya kaka yako.

Kisha nenda naye kliniki wewe mwenyewe, uingie naye mpaka kwa daktari, na lile la matusi ulieleze wewe ili yeye asione haya kulitaja. Mwambie mama nimemsalimu, na mahamri yaingie mafutani mapema kidogo.

Mshauri wenu